Kidole Kilichovunjika Kwenye Kiungo cha Ncha: Je, Waya ni Lazima?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, na mwisho wa wiki hucheza mpira nikiwa golikipa. Juzi mpira ulinigonga ncha ya kidole cha kati, nayo imeinama na siwezi kuinyosha. Eksirei imeonyesha kipande cha mfupa kimebanduka, na daktari anashauri upasuaji wa kuweka waya. Je, ni lazima? Nitarudi kazini lini? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Mpira ulikikunja kidole ghafla kikiwa kimenyooka, na kano inayoinyosha ncha, ambayo imejishikiza kwenye mfupa wa mwisho, iling'oka pamoja na kipande cha mfupa huo. Majeraha mengi ya namna hii hayahitaji upasuaji: kipande kikiwa kidogo na kiungo kikiwa mahali pake, ncha hufungwa banzi ikiwa imenyooka, usiku na mchana, kwa wiki 6 hadi 8. Upasuaji hufikiriwa pale kipande kinapozidi theluthi moja ya uso wa kiungo, au mfupa wa ncha unapoteleza kuelekea kiganjani, na kwa maoni yangu sababu hii ya pili ndiyo nzito zaidi. Mwombe daktari akuonyeshe hilo kwenye eksirei iliyopigwa kwa ubavu, na usikawie, kwa sababu baada ya wiki chache mfupa huanza kuunga vibaya na kuurudisha huwa kazi ngumu.

Kwa kawaida kidole hupigwa ganzi peke yake, kisha daktari, akiongozwa na mashine ya eksirei, hupenyeza nyaya nyembamba kupitia ngozi: mmoja hukizuia kipande kisirudi nyuma, mwingine huvuka kiungo na kukishikilia kikiwa kimenyooka. Nyaya hutolewa kliniki baada ya wiki 4 hadi 6. Hadi wakati huo kidole kisilowe, na ukiona wekundu unaoenea, usaha au maumivu yanayoongezeka, rudi hospitalini siku hiyohiyo.

Vidole vingine vichezeshe tangu siku ya kwanza, visikakamae. Kazi nyepesi ya cherehani huenda ukaimudu mapema, lakini subana, ambayo mafundi wengi huivaa kidole hichohicho, isubiri hadi nyaya zitoke na daktari aridhie. Hapo ndipo mazoezi ya kukunja ncha huanza, taratibu, huku banzi likivaliwa usiku kwa wiki kadhaa. Kudaka mpira kungoje takriban miezi 3. Ncha yaweza kubaki imeinama kidogo au kuwa na kinundu juu ya kiungo, jambo ambalo kwa kawaida halizuii mtu kushona.