Seramu za seli shina: nidai karatasi gani kwa msambazaji?

SWALI: Nina duka la vipodozi Mwanza. Nimeletewa seramu mbili za seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine. Kwenye viambato, moja imeandikwa Malus Domestica Fruit Cell Culture Extract. Nyingine, ya Korea Kusini, ina maneno Human Adipose na Conditioned Media. Je, ni salama? Wateja wengine wanataka wapakwe hiyo ya pili baada ya kupitishiwa rola ya vijisindano usoni, eti izame zaidi.

JIBU: Dada yangu, hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa.

Ya kwanza ni tufaha. Dondoo hili lilivuma kuanzia 2008 kupitia kampuni ya Mibelle ya Uswisi, iliyokuza maabara seli za tufaha la Uttwiler Spätlauber, aina ya zamani isiyosinyaa upesi. Seli hupasuliwa, kwa hiyo hakuna kilicho hai ndani ya chupa. Hata zingekuwa hai, seli ya tunda haiwezi kugeuka ngozi ya mtu. Iuze kama kilainishi. Anayedai inatibu kisukari au uvimbe wa kizazi anadanganya wagonjwa, na hilo linaniudhi sana.

Ya pili inatokana na mafuta ya mwili wa binadamu. Seli zake hukuzwa, kisha huondolewa, kikabaki kimiminika chenye protini zilizotolewa na seli hizo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1223/2009, umepiga marufuku seli, tishu na mazao ya mwili wa binadamu kwenye vipodozi. Korea Kusini inaruhusu kimiminika hicho kwa masharti, likiwemo la kumpima mtoaji magonjwa kama VVU na homa ya ini.

Ugumu wake uko hapa: kimiminika hicho hakichemshwi, maana joto huharibu protini. Wengi huchuja kwa kichujio cha mikroni 0.22, ambacho huzuia bakteria wengi, lakini mikoplazma (bakteria wadogo mno) na virusi hupenya. Kwa hiyo dai cheti cha uchunguzi chenye namba ya toleo (batch) ileile iliyo kwenye chupa, kikionyesha vipimo vya bakteria, fangasi na mikoplazma. Dai pia uthibitisho kwamba mtoaji alipimwa. Uliza seli zililishwa nini. Kama ni seramu ya damu ya ndama (majimaji ya damu, si kipodozi), ilitoka nchi gani, kwa sababu ya kichaa cha ng'ombe.

Kuhusu vijisindano, usikubali. Kipodozi hupimwa kwa kupakwa juu ya ngozi nzima. Ukishaitoboa umeondoa kinga yenyewe. Mwaka 2018 nchini Marekani wagonjwa 12 walilazwa kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu, na bakteria walikutwa hata kwenye vichupa ambavyo havijafunguliwa.

Kabla ya kupanga chochote rafuni, hakikisha bidhaa imesajiliwa TBS (Shirika la Viwango Tanzania), inayosimamia vipodozi tangu 2019. Msambazaji akikosa cheti cha toleo, mrudishie mzigo wake.