Mshangao wa Kiingereza na wa Kiarabu: maneno machache kwa wanagenzi

Ukianza kujifunza Kiingereza na Kiarabu kwa wakati mmoja, utaona mapema kwamba lugha zote mbili hujenga mshangao kwa neno la kuulizia: Kiingereza hutumia "what" na "how", na Kiarabu hutumia "ma", ambalo kwa kawaida maana yake ni "nini". Kwa hiyo, kabla ya kukariri mfano wowote, jiulize kila lugha inautengaje mshangao na swali, kwani hapo ndipo nilipopoteza alama nyingi kuliko kwingineko nilipokuwa mwanagenzi kama wewe.

Kiingereza cha kawaida cha leo hutegemea mpangilio wa maneno. "How beautiful the garden is!" ni mshangao kwa sababu kiima kimetangulia kitenzi; ukivigeuza, "How beautiful is the garden?", umekwisha kuuliza uzuri huo ni wa kiasi gani. Aidha, "what" huandamana na nomino, na nomino ya umoja inayohesabika hudai "a" au "an": "What a beautiful garden!", lakini "What beautiful flowers!". Sisi tuliozoea kusema "bustani nzuri iliyoje!" huisahau "a" hiyo kwa urahisi, maana Kiswahili hakina kinachofanana nayo.

Kiarabu kinahitaji subira zaidi, na nakiri kwamba ndicho kinachonivutia zaidi. Wanasarufi wake hutaja miundo miwili ya kikanuni, "ma af'ala" na "af'il bi" (f, ' na l ni vishika-nafasi vya herufi tatu za mzizi), hivi kwamba bustani ile ile utaisifu kwa "ma ajmala l-bustana!" au "ajmil bi-l-bustani!". Hapa zinazoamua ni irabu za mwisho. Tazama mfano mkongwe wa Zayd: "ma ahsana Zaydan!" ni kustaajabia wema wake, "ma ahsanu Zaydin?" ni kuuliza kilicho bora kwake, na "ma ahsana Zaydun" ni kukanusha kwamba alitenda vyema. Hupokewa kisa kwamba binti ya Abu al-Aswad al-Du'ali, mmoja wa waasisi wa nahau ya Kiarabu, alitaka kuustaajabia uzuri wa mbingu lakini akakosea irabu, na baba yake, akidhani ameulizwa kilicho kizuri zaidi mbinguni, akamjibu: nyota zake. Soma kwa sauti, basi, na usiache irabu ya mwisho hata pale maandishi yanapoiacha.

Tena si kila kitenzi kinakubali muundo huo. Sharti kitenzi kiwe cha herufi tatu, na sifa yake iweze kuzidi na kupungua, ndiyo maana kufa hakuingii. Rangi nazo zimezuiwa, kwa kuwa umbo la "af'al" tayari ni kivumishi chake, kama "akhdhar", yaani kijani. Kiingereza husema "How green the garden is!" bila tabu, ilhali Kiarabu hupitia neno la ukali na nomino ya rangi: "ma ashadda khudhrata l-bustani!". Njia hiyo ya "ma ashadda" izoee mapema, kwani itakufaa pia kwa vitenzi vyenye herufi zaidi ya tatu.

Iko pia misemo ya mshangao kama "lillahi darruhu", ya kumsifu mtu kwa kustaajabu, ambayo haipimwi kwa mizani hiyo. Ipokee kama inavyosikika, kama ulivyoipokea "subhanallah" kabla hujajua sarufi yake.