Ini lenye makovu na sukari isiyotulia

SWALI: Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, ana makovu ya ini yaliyotokana na homa ya ini aina ya B. Sasa ameambiwa ana kisukari, ingawa asubuhi kabla hajala sukari yake huwa ya kawaida, na usiku mmoja ilishuka hadi akatokwa jasho na kuongea maneno yasiyoeleweka. Ini linahusikaje? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Pole kwa kumuuguza mzee. Kupanda na kushuka huko kunaweza kutokana na ini hilohilo. Kongosho humimina insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, katika mshipa unaoelekea moja kwa moja kwenye ini, na ini lenye afya huondoa takriban nusu yake kabla haijafika kwingineko mwilini. Likijaa makovu, seli za kufanya kazi hiyo hupungua, na sehemu ya damu hupita mishipa ya pembeni bila kuligusa, kwa hiyo insulini huzidi katika damu. Hata hivyo misuli huitikia insulini hiyo kwa udhaifu, na ini nalo haliwezi tena kuhifadhi vizuri sukari itokanayo na chakula. Ndiyo maana sukari hupanda baada ya ugali au viazi, ilhali ya asubuhi huonekana njema. Mwombe daktari aipime pia saa 2 baada ya kula. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3, kinachosoma sukari iliyonata kwenye chembe nyekundu za damu, kinaweza kudanganya, kwa kuwa kwa wagonjwa hawa chembe hizo mara nyingi hufa mapema.

Kinachonitia hofu zaidi ni usiku ule. Usiku, ini ndilo hulisha damu kwa sukari ya akiba, na la baba yako lina akiba ndogo. Pombe, ukiwamo ulanzi, hulizuia hata kutengeneza nyingine, kwa hiyo asiinywe kabisa. Asilale na njaa: ale kitu kidogo kabla ya kulala. Kama anatumia glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) au insulini, mweleze daktari tukio hilo mapema, kwa sababu huenda dozi ikahitaji kupunguzwa au dawa kubadilishwa, lakini msibadilishe wenyewe nyumbani.

Akichanganyikiwa tena, mpimeni sukari papo hapo. Ikiwa imeshuka na anaweza kumeza, mpeni maji yenye sukari. Akishindwa kumeza, msimnyweshe chochote. Kwa vyovyote vile mpelekeni hospitali, hata kama sukari ni ya kawaida, kwani ini lililochoka huweza lenyewe kuvuruga akili.