Kabla hujaifungia seva ya watu

Kwenye mtandao wa kijamii wa seva nyingi kama Mastodon, ambako kila seva ina watu na msimamizi wake lakini huwasiliana na nyingine, msimamizi wa seva iliyopo Tabora hana mamlaka juu ya mtu aliyejisajili kwenye seva ya Ujerumani. Alicho nacho ni mlango wake mwenyewe, na wengi huubamiza mapema mno: mtu mmoja katukana, seva yake nzima inafungiwa isiwasiliane tena na ya Tabora.

Kufungia seva si kitu cha kujaribu. Ukishabonyeza, ufuasi wote kati ya watu wako na wa kule unakatika, pande zote mbili, na ukifungua kesho haurudi. Muuza asali wa Sikonge mwenye wateja kwenye seva ile anaanza upya bila kosa lolote. Toleo la 4.3 la Mastodon, la mwaka 2024, angalau linamjulisha na kumpa faili la akaunti alizopoteza. Kwenye matoleo ya nyuma atashangaa tu mbona kimya.

Kwa hiyo anza na akaunti. Mkosaji ni mmoja, msimamishe huyo mmoja. Wakizidi na msimamizi wao hajibu, iwekee seva yao kikomo: machapisho yake hayatatokea hadharani kwenu, ila anayemfuata mtu wa kule ataendelea kumsoma. Kama kero ni picha, kataa picha na video zake, maandishi yapite. Kufungia kabisa ni kwa seva ambayo uchafu ndiyo kazi yake. Gab, mtandao wa kijamii uliojulikana kwa machapisho ya chuki, ulipohamia kwenye programu ya Mastodon mwaka 2019, seva nyingi ziliufungia bila kungoja, na sioni zilikosea wapi.

Ripoti ikitoka nje kumhusu mtu wako, soma mazungumzo yote kwanza. Mnyamwezi na Mzaramo wakitaniana, mgeni ataona matusi ya kikabila. Lakini wapo pia wanaojificha nyuma ya utani kumwandama mtu. Angalia anayetaniwa: anarudisha, au ameshaomba aachwe? Ukimwadhibu mtu, mwandikie sababu. Ana siku 20 za kukata rufaa, na rufaa isomwe na msimamizi mwingine kama yupo.

Wafundishe watumiaji kwamba kila mmoja anaweza kuizuia seva nzima kwenye akaunti yake tu. Malalamiko mengi yanaishia hapo.

Na anayetaka kuhama, ahame. Kwanza aitaje akaunti ya zamani ndani ya ile mpya, ndipo aanzishe uhamisho kutoka ya zamani. Wafuasi watamfuata, machapisho hayatahama. Orodha ya anaowafuata na aliowazuia aipakue mwenyewe na kuiingiza kule. Akishahama, atasubiri siku 30 kabla ya kuhama tena. Ila kama umeifungia seva anayokwenda, uhamisho utagoma, kwa hiyo orodha ya seva ulizofungia, pamoja na sababu zake, iweke wazi kwenye ukurasa wa maelezo ya seva aione kabla hajajisajili kwako.