Itifaki ya kuunganisha seva za Mtwara na mainfremu: anza na laini ikikatika

Mkuu, umeuliza ufunge itifaki gani kati ya seva zenu mbili za Linux hapo Mtwara na mainfremu (kompyuta kubwa kuu) ya benki mnayoshirikiana nayo Ulaya, ili malipo ya wakulima wa korosho yapite. Wengi wamekujibu kwa kuangalia kasi. Mimi naanzia kwingine: laini ikikatika katikati ya muamala, ujumbe unabaki mikononi mwa nani? Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikayumba nchi nzima. Panga ukijua hilo laweza kutokea msimu ukiwa umepamba moto.

Kwa malipo chukua IBM MQ, programu ya kupitisha ujumbe kwa foleni, juu ya TCP/IP, ila usiweke klayenti (sehemu inayounganika tu na foleni za mbali) peke yake. Klayenti haina foleni yake, hivyo laini ikifa programu inakwama papo hapo. Weka meneja wa foleni kamili (programu inayotunza foleni zenyewe) hapo hapo Mtwara, ujumbe uwe wa kudumu, yaani uandikwe diskini, na chaneli, njia ya kwenda benki, itumie TLS, usimbaji wa mawasiliano (poti ya kawaida ya MQ ni 1414). Kisha kagua MAXDEPTH, yaani idadi ya juu ya ujumbe, ya foleni ya kusafirishia. Kwenye Linux huja ikiwa 5000. Malipo ya mnada yakirundikana wakati laini imekufa, inajaa na programu inarudishiwa kosa 2053 (foleni imejaa). Ipandishe itoshe malipo ya siku tatu za kilele, na diski iwe na nafasi ya kuyabeba. HBINT, muda kati ya ishara za kuonyesha chaneli bado hai, huja na sekunde 300. Kama fayawoli yenu hufunga miunganisho iliyo kimya mapema kuliko hapo, ishushe hadi 60.

Laini ikirudi, kwa kawaida chaneli hujirekebisha yenyewe. Ikibaki INDOUBT, yaani haijui kama benki ilipokea, tafadhali usikimbilie RESOLVE, amri ya kuimalizia kwa mkono. Linganisha CURLUWID ya upande wenu (namba ya kundi la ujumbe linalosubiri) na LSTLUWID ya upande wa benki (namba ya kundi la mwisho lililopokelewa): zikifanana ni COMMIT (hesabu umefika), zikitofautiana ni BACKOUT (rudisha utumwe tena). Ukifanya BACKOUT wakati benki ilishapokea, ujumbe unatumwa upya na mkulima analipwa mara mbili.

Pa kuwa macho kuliko kote ni tafsiri ya herufi. Mainfremu hutumia EBCDIC, mfumo wake wa kuandika herufi kwa namba, na kiasi cha fedha kwenye COBOL, lugha ya programu zake, mara nyingi ni COMP-3, tarakimu mbili mbili kwa baiti na alama ya chanya au hasi mwishoni. Shilingi 12,345 hukaa kwenye baiti tatu: 12 34 5C. Ukiziacha zitafsiriwe kama maandishi kwenda ISO 8859-1, mfumo wa herufi wa upande wa Linux, zinatoka 12 94 2A. Herufi A mwishoni nayo ni alama halali ya chanya, kwa hiyo programu inaweza kusoma 12,942 bila kulalamika hata kidogo. Ndiyo maana MQFMT_STRING, alama ya MQ inayoruhusu ujumbe utafsiriwe herufi, ni ya maandishi matupu tu. Rekodi yenye COMP-3 ama ibadilishwe kuwa tarakimu za kawaida kabla ya kutoka kwenye mainfremu, ama isafiri kama binari na ifumuliwe Linux kwa kufuata copybook (maelezo ya COBOL ya mpangilio wa rekodi).

Faili za usiku zipeleke kwa FTPS (uhamishaji wa faili uliosimbwa), nazo kwa binari kama zina COMP-3. Waombe benki waweke PASSIVEDATAPORTS, mpangilio wa poti za data, yenye poti chache zinazojulikana, maana mazungumzo yakishafichwa fayawoli haioni poti ya data iliyotajwa. Kasi ikiwa ndogo, pima muda wa kwenda na kurudi kwanza: ukiwa milisekunde 180 na bafa (data inayoweza kuwa njiani kabla ya kuthibitishwa) ni kilobaiti 64, hupati zaidi ya megabiti 3 hivi kwa sekunde hata ukinunua laini ya megabiti 50. Bafa ndiyo ya kupandisha, pande zote mbili.

SNA, mtandao wa zamani wa IBM, iguse tu kama benki ina programu ya LU 6.2 (mazungumzo ya programu kwa programu ndani ya SNA) isiyobadilishika. Hapo ni Enterprise Extender, njia ya kupitisha SNA juu ya IP, kwa poti za UDP 12000 hadi 12004, na NAT, ubadilishaji wa anwani za mtandao, itawasumbua. TN3270, njia ya kufungua skrini za mainfremu, waachie watu wanaozifungua. Usijengee malipo juu yake.

Kabla ya kuwasha rasmi, tuma ujumbe 1000 wenye kiasi tofauti, chomoa waya ukifika katikati, rudisha baada ya dakika kumi, kisha linganisha idadi na jumla ya fedha pande zote mbili.