Maswali ya Wasomaji: Bodi ya Faibaglasi Juu ya Chasisi ya Kujiundia

SWALI: Mafundi, salaam. Naunda gari la viti viwili nyumbani. Chasisi nimechomelea mwenyewe kwa mabomba ya mraba, na bodi ya faibaglasi imekuja vipande vipande. Nikiweka boneti, kona ya mbele kushoto inabaki juu milimita 8. Milango nayo inagusa upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili. Je, nikaze bolti hadi boneti ishuke?

JIBU: Itashuka, ndiyo, lakini usikaze. Bati likilazimishwa hujikunja na kubaki hivyo. Faibaglasi haijikunji, inabaki na mkazo ndani, na barabara mbaya humalizia kazi. Kinachopasuka kwanza ni jelikoti, lile tabaka la juu linalong'aa, kwa kuwa ni kavu kuliko nyuzi zilizo chini yake. Utaona mistari kama utando wa buibui kuzunguka bolti. Ukipaka puti na rangi bila kuondoa mkazo, mistari itarudi palepale.

Kwanza jua mwenye kosa. Weka chasisi juu ya stendi nne, isawazishe kwa pimamaji, kisha vuta futi kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 3, chasisi imepinda wakati wa kuchomelea na boneti haina hatia. Vikilingana, tazama boneti yenyewe. Resini, ile plastiki ya majimaji inayoganda na kushikanisha nyuzi za faibaglasi, huendelea kukomaa wiki kadhaa baada ya kipande kutoka kwenye kalibu, na kipande kilichoegeshwa ukutani siku hizo hukomaa na umbo la kuegeshwa. Kilaze juu ya chasisi, kiegemee kila mahali panapostahili, weka mfuko wa mchanga kwenye kona iliyoinuka, ukiache juani siku chache. Joto hulegeza resini kidogo na mara nyingi kona hurudi, si yote, lakini hurudi. Mwanya wa milimita 2 au 3 unaobaki uzibe kwa utepe wa raba. Ukizidi hapo, kata kishikio cha chuma ukichomelee upya juu zaidi. Chuma ndicho kiifuate faibaglasi.

Mpangilio wa kazi nao ni muhimu. Gari liwe na magurudumu, limekaa kwenye kimo chake cha kawaida. Anza na milango, maana ina bawaba na kitasa, haina pa kukimbilia. Boneti, madigadi na buti hufuata milango. Kata vibao vyembamba vya milimita 5, vibandike kwa tepu kuzunguka mlango, na mwanya utalingana bila kubahatisha. Kwa madigadi ya mbele, ondoa springi, inua gurudumu kwa jeki hadi mwisho wa mwendo wake, kisha kata usukani kabisa kushoto na kulia. Acha angalau milimita 25 kati ya tairi na faibaglasi. Wengi hupima gari likiwa limesimama tu, na wanajua kosa lao kwa harufu ya tairi.

Ukikata kingo, bandika tepu ya karatasi juu ya mstari, tumia grainda yenye diski ya almasi, acha milimita 2 nje ya mstari, umalizie kwa msasa namba 80 uliozungushiwa kipande cha ubao. Vaa miwani, mikono mirefu na barakoa ya vumbi jembamba. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi la kioo.

Mashimo toboa kutoka upande wa jelikoti, uanze na keekee ya milimita 3. Kwa bolti ya M6 fungua shimo hadi milimita 8, kitovu chake kikiwa milimita 20 au zaidi kutoka ukingoni. Lainisha mdomo wa shimo kidogo ili bolti isigonge jelikoti. Kisha panga: washa pana ya milimita 25, raba, faibaglasi, raba, kishikio, nati yenye plastiki ndani. Kaza huku ukitazama raba. Ikianza kutokeza pembeni mwa washa, acha.

SWALI: Kwa nini shimo la 8 kwa bolti ya 6? Halafu, si afadhali kubandika bodi yote kwa gundi?

JIBU: Faibaglasi hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma. Kipande cha mita 1.5 kikipanda nyuzi 40 juani, kitakuwa kimeizidi chasisi kwa zaidi ya nusu milimita. Shimo lililobana halikipi nafasi, na kinachosogea bila nafasi hupasuka.

Gundi ni nzuri kwa sehemu zisizotoka, kama sakafu na kuta za chumba cha abiria. Pua ya gari na madigadi tunashauri zifungwe kwa bolti, kwa kuwa ndizo zinazogongwa na ndizo utakazotaka kuzitoa. Tumia gundi ya poliyurethani, ile ya kubandikia vioo vya mbele. Kwaruza faibaglasi kwa msasa namba 80 na uifute kwa asetoni. Chuma kipakwe kwanza praima ya epoksi, la sivyo kutu itaingia chini ya gundi na kuibandua. Weka vipande vya raba vya milimita 3 katikati ili gundi isikamuliwe yote ikatoka. Inapokauka hutumia unyevu wa hewa, ikianzia kingo kwenda ndani, hivyo ibaki bila kuguswa siku moja kamili au mbili.

SWALI: Nilibandika kishikio ndani ya mlango kwa resini na mkeka wa faibaglasi, sasa umbo lake linaonekana nje kwenye rangi. Nilikosea wapi?

JIBU: Uliweka tabaka nyingi kwa mkupuo. Resini ikiganda hutoa joto na kusinyaa, na bodi nyembamba huvutwa nayo. Weka tabaka moja au mbili, subiri zipoe, ndipo uongeze. Usizidishe dawa ya kugandisha kwa haraka zako.

Mfano: kiraka cha sentimita 20 kwa 15, tabaka tatu za mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba. Mkeka ni takriban gramu 40, resini ya poliesta mara mbili na nusu ya uzito huo, yaani gramu 100, na dawa ya kugandisha asilimia 2, gramu 2 tu. Gawa resini hiyo kwa awamu, na uchanganye ya awamu moja tu kwa wakati mmoja. Dawa hiyo ikiingia jichoni inaweza kupofusha, kwa hiyo miwani kabla ya kufungua kichupa. Kama resini yako inahitaji pia kiharakishi cha kobalti, usikichanganye na dawa ya kugandisha moja kwa moja kamwe, hulipuka.

SWALI: Taa za mbele zinawaka hafifu, na nikiwasha indiketa zote zinapepesa pamoja. Betri mpya.

JIBU: Umeme hauna njia nzuri ya kurudi kwenye betri, maana faibaglasi haipitishi umeme. Kwenye gari la bati, waya wa hasi hufungwa popote kwenye bodi. Kwako, kila taa iwe na waya wake wa hasi hadi kwenye chasisi. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi. Usisahau shingo ya chuma ya kujazia petroli: nayo iunganishwe na chasisi kwa waya, ili cheche ya umeme tuli isizaliwe pale.