Natafuta mtaalamu wa mtandaoni anisaidie kujithamini, nianzie wapi?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 28, naishi Nzuguni hapa Dodoma, na nina kazi ya mkataba katika ofisi moja kule Mtumba. Tangu mdogo nyumbani niliitwa "mzito". Mtihani wa kidato cha nne niliurudia, mdogo wangu akafaulu mara moja, na hadi leo kwenye shughuli za ukoo wanalisimulia hilo huku wanacheka. Kazini naandika barua pepe moja kwa saa nzima, halafu naifuta. Mwezi uliopita bosi alinipa taarifa niiwasilishe kwenye kikao, nikasema naumwa. Mchumba wangu ananisihi nitafute mtu wa kunisaidia. Hospitali ya akili ya Mirembe siwezi kwenda, nitaonekana. Nimepata mshauri mmoja Instagram, anasema atanirudishia kujiamini ndani ya siku 7, nitume kwanza 150,000. Nilimuuliza amesomea wapi, akajibu, "Tatizo lako ndiyo hilo, humwamini mtu," nikaomba radhi. Nitume? Na kama siyo yeye, wa kweli nitampataje? – Kivuli, Nzuguni*

Marahaba mwanangu. Usitume.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama pale uliposema ukaomba radhi. Mtu anataka laki na nusu yako, unamuuliza alikosomea, anakugeuzia kibao, na anayeomba msamaha ni wewe! Hapo umenieleza hali yako kuliko kote kwingine. Mtu aliyezoea kujiona mdogo huenda kutafuta msaada akiwa ameshainama. Haulizi bei, haulizi cheti, na akihudumiwa vibaya hujiambia kosa ni lake. Matapeli wanalijua hilo vizuri. Hata ukimpata mtaalamu wa kweli ambaye hamwendani, wewe utabaki kwake miezi sita ukilipa na kuitikia "sawa, sawa", ili mradi usimuudhi. Kwa hiyo sitakupa jina la mtu. Nitakueleza namna ya kumhoji yeyote utakayemfikiria, kwa sababu huko kumhoji ni sehemu ya kupona kwako.

Nianze na hizo siku 7. Neno "mzito" uliambiwa ukiwa mtoto, na neno likirudiwa miaka ishirini linageuka hukumu. Tazama linavyofanya kazi. Bosi anakupa taarifa, hukumu inakuambia utaaibika, unasema unaumwa, moyo unatulia palepale. Huo utulivu ndio mtego. Kwa kuwa hukusimama mbele ya watu, hukupata nafasi ya kuona kama kweli ungeaibika, na jioni hukumu inarudi na ushahidi mpya: unaona, hata kikao kimekushinda. Ndiyo maana mchumba wako akikuambia "una akili, jiamini" haikusaidii. Unasikia, unashukuru, na moyoni unasema huyu hanijui.

Wataalamu wengi hushughulikia jambo hili kwa tiba ya fikra na tabia. Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Aaron Beck, alianza kuijenga miaka ya 1960 kwa wagonjwa wa sonona, na baadaye ikapanuliwa kwa matatizo mengine, kujidharau kukiwemo. Mtaalamu wa tiba hii hakai akakusifia. Mnaichukua ile hukumu, mnaiandika ilivyo, mnaulizana ilitoka kinywani mwa nani na ushahidi wake ni upi, kisha mnaipima kwa vitendo vidogo. Wiki hii unatuma barua pepe ukiwa umeisoma mara moja tu, na unaandika kwenye daftari kilichotokea, siyo ulichodhani kingetokea. Wiki ijayo unasema sentensi mbili kikaoni. Taratibu daftari linajaa mambo ambayo hukumu haikuyatarajia. Huduma ya afya ya taifa ya Uingereza inaeleza kwamba tiba hii kwa kawaida huwa na vikao 6 hadi 20, vya dakika 30 hadi 60, mara moja kwa wiki au kila baada ya wiki mbili. Sasa mtu anayekuahidi siku 7 anakuuzia nini?

Na kuzungumza kwa simu au video usione ni kujipunguzia huduma. Tafiti zilizolinganisha tiba hii ya mtandaoni na ya ana kwa ana, hasa kwa sonona na wasiwasi, zimekuta matokeo yanakaribiana sana. Kinachotofautisha ni nani yuko upande wa pili wa simu.

Hapo wengi huchanganya, nami nitaeleza kwa kifupi. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari kwanza, anaweza kuandika dawa, na hapa kwetu anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba amesomea saikolojia na kufanya mazoezi na wagonjwa chini ya usimamizi. Muhimbili wana shahada ya uzamili ya fani hiyo. Mnasihi amesomea ushauri nasaha, na wapo wazuri sana, lakini kiwango cha mafunzo kinatofautiana mno, kuanzia kozi fupi hadi shahada. Halafu kuna hawa wanaojiita makocha wa maisha. Kujiita kocha wa maisha hakuhitaji leseni. Anaweza kuwa mtu mwema mwenye maneno matamu, ila jeraha la utotoni simwachii. Kwa jambo lako, mwanasaikolojia au mnasihi mwenye shahada anatosha kuanzia.

Sasa Mirembe. Sikulaumu kuogopa. Nimezeekea Dodoma hii, na tusi la "wewe wa Mirembe" nimelisikia tangu nikiwa shule, na linaniumiza mpaka leo. Ile ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili. Watu wanasafiri kutoka mikoa ya mbali kuja kuwatafuta wataalamu ambao sisi tunawapita tukiwa ndani ya daladala, tumeinamisha nyuso. Kuna wanaokwenda kliniki asubuhi na mchana wamerudi kazini. Lakini sitakusukuma. Kuna njia ya katikati: nenda kamwone daktari wa kawaida, Benjamin Mkapa, General, au hospitali yoyote unayotibiwa malaria. Mkiwa wawili mwambie, "Daktari, nahitaji mwanasaikolojia anayepokea watu kwa simu." Hakuna atakayejua ulichoingia kukisema. Madaktari wanajuana na wataalamu wenzao, na mtu aliyeelekezwa na daktari ni salama kuliko aliyejitangaza mwenyewe kwa picha za magari.

Utakutana pia na majukwaa ya nje yanayojitangaza kwenye simu. Siyakatazi, ila nina mashaka matatu. Kwanza leseni. Marekani wataalamu hupewa leseni na jimbo, na kwa kawaida inawaruhusu kuhudumia watu wa jimbo hilo, siyo mtu wa Nzuguni. Uingereza jina "mwanasaikolojia tiba" linalindwa kisheria, lakini "mnasihi" mtu yeyote anaweza kujiita. Pili siri zako. Mwaka 2023 kampuni kubwa ya huduma hizi, BetterHelp, ilituhumiwa na Tume ya Biashara ya Marekani kwamba iliwapa Facebook, Snapchat na wengine taarifa za wateja wake kwa ajili ya matangazo, ikakubali kulipa dola milioni 7.8. Ikiwa ni hivyo hata huko sheria zinakobana, nawe uliza. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Una haki ya kujua maelezo yako yanahifadhiwa wapi na nani anayaona.

La tatu ndilo kubwa kwangu, nalo ni lugha. Maneno yaliyokuumiza hayakusemwa kwa Kiingereza. Yalisemwa kwa Kiswahili, pengine na Kigogo, uani, mbele ya wageni, sufuria la ubwabwa likiwa bado mekoni. Utamfafanuliaje mtu wa Chicago uzito wa shangazi kutangaza matokeo yako kwenye kitchen party ya binamu yako, na kwa nini hukuweza kumjibu? Atakuambia umjibu tu, uweke mipaka. Anayejua adabu zetu atakusaidia kupata jibu ambalo unaweza kweli kulitamka mbele ya mkubwa bila kukosa heshima na bila kujikosea wewe. Tafuta Mswahili mwenzio, hata awe Mwanza au Arusha. Faida ya mtandao ni hiyo.

Ukishapata majina mawili au matatu, watumie wote ujumbe huu. Nimekuandikia mimi ili usikae nao saa nzima:

"Habari za leo. Nina miaka 28, nipo Dodoma. Nahitaji msaada wa kitaalamu kuhusu kujithamini, kwa simu au video, kwa Kiswahili. Kabla ya kupanga kikao naomba kujua umesomea nini na chuo gani, umesajiliwa wapi au kazi yako inasimamiwa na nani, unatumia njia gani ya tiba, kikao kimoja ni dakika ngapi na kwa shilingi ngapi, na maelezo yangu utayahifadhi vipi. Asante."

Uone kwamba sikuandika "samahani kwa usumbufu". Usiliongeze. Mtaalamu wa kweli huulizwa maswali haya na huyajibu bila kununa. Wengine watakusifu kwa kuyauliza. Anayekasirika amekuokolea pesa. Anayetaka ulipie vikao kumi kwa mpigo, mkatalie, lipa kimoja kimoja. Muamala ukidaiwa uende kwenye laini yenye jina tofauti na la mtaalamu au ofisi yake, simama hapo hapo.

Kuna jambo dogo ambalo watu hawalifikirii mpaka siku ya kikao: utaongelea wapi? Nyumba zetu za kupanga unazijua, ukuta mmoja, jirani anasikia hadi unavyogeuka kitandani. Ofisini usithubutu, wala usitumie kompyuta ya kazi. Muulize mtaalamu kama mnaweza kuongea kwa sauti tu, bila video. Bando linadumu na unaweza kuweka hedifoni ukatembea jioni, upepo ukipungua, kwenye njia isiyo na watu wengi lakini yenye usalama. Ama omba chumba kwa rafiki unayemwamini, saa moja tu kwa wiki. Mweleze mtaalamu mapema kwamba mtu akitokea utasema neno fulani, naye ajue mnabadilisha mazungumzo.

Kikao cha kwanza unaweza kulia, unaweza kukosa la kusema. Ni kawaida. Kikao cha tatu jiulize: je, anakumbuka nilichosema wiki iliyopita? Tuna lengo tunalolifuata? Nikimwambia hapo hukunielewa, anasikiliza? Kama sivyo, mwage, kwa heshima, kwa mstari mmoja: "Asante, nimeamua kuendelea kwingine." Hudaiwi sababu. Najua kwako mstari huo ni mlima kuliko kikao chenyewe, ndiyo maana nimeuandika.

Sasa nikuulize swali ambalo hukuligusa, na naliuliza kwa kuwa nakujali. Je, kuna siku unatamani usiamke? Unakosa usingizi wiki nzima, chakula hakipiti, umefikiria kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, tuache kutafuta mtu wa mtandaoni kwa sasa. Mwambie mchumba wako leo hii, akupeleke hospitali yoyote iliyo karibu, usiku au mchana, na Mirembe ikiwemo. Namba ya Wizara ya Afya, 199, ni bure. Aibu ya kuonekana getini itapita.

Kama jibu ni hapana, yule wa Instagram mzuie leo. Usimwandikie kwaheri wala usimweleze sababu, na ile radhi uliyomwomba isiwe deni lililobaki kati yenu.

Halafu huo ujumbe. Nakujua kwa barua yako, utaunakili vizuri, utausoma mara kumi, utabadilisha "naomba" mara mbili, kisha kidole kitaelekea kwenye kufuta. Ukifika hapo, mpe mchumba wako simu autume yeye. Wa pili utautuma mwenyewe.